Maoni Yetu: Vijana waambiwe, kunyamaza si uaminifu

Makanisa mengi ya Afrika Mashariki yanawafundisha vijana nusu tu ya uaminifu. Katika darasa la kipaimara, katika makambi ya vyama vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA na TYCS, katika mikesha ya Ijumaa, kijana anaambiwa awatii wazazi, ashikamane na wenzake wa imani, asianike aibu ya nyumbani wala ya kanisa. Kila kimoja kina mahali pake. Ila anayeambiwa hayo peke yake huondoka akiamini kwamba mtu mwaminifu ni yule anayejua kufunga mdomo. Fundisho hilo limewaponza watoto wetu wengi, na tunataka libadilishwe.

Tuanzie mbali kidogo, Guangzhou, kusini mwa China. Wafanyabiashara wa Kariakoo, wa Kamukunji na wa Kikuubo wanaujua mji huo kuliko wanavyoijua mikoa kadhaa ya nchi zao. Maonesho ya Canton yanafanyika huko mara mbili kwa mwaka tangu 1957, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 Waafrika wengi wamepanga vyumba na ofisi katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Wapo wanaokwenda kufunga mzigo na kurudi. Wapo waliokaa miaka, wakaoa na kuolewa huko. Watoto wao, mara nyingi, wako nyumbani kwa bibi au shule ya bweni.

Jumapili alasiri Waafrika hujaa kwenye misa ya Kiingereza katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, barabara ya Yide, jengo la mawe ya itale lililojengwa kati ya 1863 na 1888. Mgeni anaruhusiwa kusali mahali palipoandikishwa, lakini kanuni za mwaka 1994 zinamkataza kuhubiria wenyeji. Kwa Wachina wenyewe mambo yamebana zaidi. Tangu kanuni mpya za dini zilipoanza kutumika Februari 2018, sehemu nyingi za nchi hiyo zimezuia makanisa kuwafundisha dini walio chini ya miaka 18. Kijana wa familia ya Kikristo katika hali hiyo hana katekista wala kambi. Anachokijua kuhusu imani anakipata mezani kwa wazazi wake, na kwa marafiki wachache wanaoingia humo ndani. Kwetu sisi makambi yapo na makatekista wapo, na ndiyo maana tumejizoesha kudhani kwamba somo likishatolewa kanisani kazi imekwisha.

Historia ya Guangzhou ina watu wawili ambao kijana wetu angefaidika kuwajua.

Wa kwanza ni Mchungaji Lin Xiangao, ambaye nje ya China alijulikana kama Samuel Lamb. Alizaliwa Macau mwaka 1924, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti. Alikataa kuliingiza kanisa lake la nyumbani chini ya chombo kinachosimamiwa na serikali. Akakamatwa 1955, akaachiwa 1957, akakamatwa tena 1958 na kutoka 1978. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumikia katika machimbo ya makaa ya mawe huko kaskazini. Aliporudi Guangzhou alifungua tena nyumba yake ya Damazhan kwa waumini wachache, akawa anawafundisha vijana Kiingereza. Wengi walikuja kwa ajili ya lugha, wakabaki kwa sababu ya mwalimu. Februari 1990 polisi waliivamia nyumba hiyo. Waumini wakarudi, wakiwa wengi zaidi. Alifariki Agosti 2013 akiwa na miaka 88, na Desemba 2018 kanisa alilolianzisha, wakati huo likiwa mtaa wa Rongguili, likafungwa na mamlaka.

Habari ya Lin husimuliwa mara nyingi kwenye mikutano ya vijana, na kila mara kuna mtu anayepitwa haraka. Mke wake alifariki kabla mumewe hajatoka kifungoni. Kwa miaka mingi ya kifungo hicho cha pili mama huyo alibaki na watoto bila baba wa nyumba. Kijana anayefundishwa habari hii anastahili kuambiwa kwamba msimamo wa mtu mmoja kwa ajili ya waumini wenzake ulilipwa na watu wa nyumbani kwake, na kwamba hao nao walikuwa waaminifu ingawa hakuna aliyewajengea jina. Tukimtaja mchungaji tu, tunamfundisha mvulana kwamba ushujaa ni wa anayeondoka, na anayebaki anapika chai.

Wa pili aliishi zaidi ya miaka 100 kabla yake. Liang Fa alikuwa fundi wa kuchonga mbao za kuchapia. Alifanya kazi na wamisionari Robert Morrison na William Milne walipokuwa wakichapa Biblia ya Kichina, akabatizwa mwaka 1816 huko Malacca. Aliporudi kwao, karibu na Guangzhou, mwaka 1819, aliandika kijitabu kidogo kwa ajili ya ndugu na majirani. Serikali ikamkamata, ikachoma vijitabu vyake na mbao zake, akapigwa viboko vya mianzi. Angeweza kuificha imani hiyo ndani ya familia yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwaka uliofuata alimbatiza mke wake kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka 1823 akampeleka mtoto wao mdogo kwa Morrison akabatizwe.

Mtoto huyo, Liang Jinde, alifundishwa Kiingereza na mmisionari Mmarekani, Elijah Bridgman. Kisha mwaka 1839 alikuwa miongoni mwa wakalimani wa Lin Zexu, afisa aliyetumwa na mfalme kukomesha kasumba iliyokuwa ikiingizwa Guangzhou na wafanyabiashara wa Kizungu, na aliyeiteketeza hadharani huko Humen mwezi Juni mwaka huo. Watu waliomsomesha hawakumsomesha kwa kazi hiyo. Lakini tunaona mzazi yeyote Mkristo angepaswa kujivunia mtoto wa namna hii, aliyelelewa na kanisa, kisha akaitumia elimu ya kanisa kuilinda jamii yake dhidi ya sumu iliyoletwa na watu waliojiita Wakristo. Uaminifu uliolelewa vizuri hauendi kila mara pale mlezi alipotarajia, na mlezi asiyeweza kustahimili hilo alikuwa anatafuta mfuasi wake mwenyewe.

Sumu hiyo imerudi katika pwani ileile, safari hii mikononi mwa vijana wetu. Mwaka 2013 Padre John Wotherspoon, Mwaustralia anayehudumia wafungwa Hong Kong, alianza kusambaza barua za Waafrika waliofungwa kwa kubeba dawa za kulevya, Watanzania wakiwemo. Waliandika kwa mikono yao wenyewe, wakiwasihi ndugu zao nyumbani wasikubali kuwa punda. Padre huyo alifika hadi Tanzania kuufikisha ujumbe. Hong Kong haina adhabu ya kifo. Ukivuka mpaka kwenda Guangzhou, sheria ya China inamruhusu hakimu kutoa hukumu ya kifo kwa anayesafirisha heroini ya gramu 50 au zaidi.

Ni nani anamshawishi kijana abebe mzigo huo? Mara nyingi ni mtu anayemjua: binamu, rafiki wa dada, mtu wa mtaani aliyefanikiwa, pengine mtu anayekaa naye benchi moja kanisani. Na sharti la kwanza analompa ni siri. Usimwambie mama. Usimwambie mchungaji. Kijana aliyefundishwa tangu utoto kwamba ndugu hamsemi ndugu hana silaha yoyote hapo. Tulimnyang'anya sisi wenyewe.

Kwa hiyo walimu wa vijana wawape kipimo kilicho wazi. Siri ya rafiki aliyefeli mtihani, siri ya mama anayeumwa na hajawa tayari kusema, siri ya mwenzio aliyekulilia usiku: hizo zinalindwa, na anayezitoa ni msaliti. Lakini mtu akikuomba siri ambayo hakuna mtu mzima hata mmoja anayekupenda anaruhusiwa kuijua, huna deni la uaminifu kwake. Nenda ukaseme. Ukikuta wa kwanza hakusikilizi, nenda kwa wa pili.

Tunajua jibu litakalotoka kwa baadhi ya wazee: mnawafundisha watoto kuwakosea heshima wakubwa. Tunawaomba warudi kwenye habari ya Yonathani, katika kitabu cha kwanza cha Samweli, waisome yote mpaka mwisho. Inatosha kwa mwezi mzima wa masomo ya vijana, na husomwa vibaya. Tunaifanya kuwa hadithi ya urafiki wake na Daudi tu, kana kwamba Sauli hakuwa baba yake.

Yonathani alikuwa na mambo mawili ya kuyatimiza kwa pamoja. Alikuwa amefanya agano na Daudi, na alikuwa mtoto wa mfalme aliyetaka kumuua Daudi huyo. Alichofanya kwanza hakikuwa kumkimbia baba. Alimwendea, akamwambia usoni kwamba Daudi hana kosa, na mara hiyo baba alimsikia. Hasira ya Sauli iliporudi, Yonathani alisema tena, mezani, mbele za watu, na baba akamrushia mkuki yeye mwenyewe. Ndipo alipotoka kondeni na mishale yake kumpa rafiki ishara akimbie. Wakalia, wakaagana. Halafu Daudi akaenda zake, na Yonathani akarudi mjini kwa baba yake.

Hapo ndipo walimu wetu huishia, na hapo ndipo penye mafunzo mengi. Yonathani hakusema uongo ili kumlinda mzee, wala hakumtoa rafiki ili apate amani nyumbani, lakini pia hakuacha kuwa mtoto. Aliendelea kupigana upande wa baba katika vita vilivyokuwa vya haki, na alikufa siku moja naye mlimani Gilboa, pamoja na ndugu zake wawili. Msichana ambaye baba yake ni mlevi, mvulana ambaye mama yake ametapeli fedha za kikoba, mtoto wa mchungaji anayejua jambo ambalo ushirika haulijui, wote hao wamo katika habari hii. Inawaonyesha kwamba inawezekana kukataa kosa la mzazi bila kumkataa mzazi. Hakuna kijana anayeweza kuligundua hilo peke yake akiwa na miaka 15. Lazima afundishwe, na afundishwe na mtu anayekubali kwamba wazazi hukosea.

Kwetu Afrika Mashariki tuna mfano mzito zaidi, na tunautumia kwa uangalifu. Miongoni mwa vijana waliouawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 alikuwamo Mbaga Tuzinde, aliyelelewa kama mwana na Mukajanga, mkuu wa wauaji wa kabaka. Mukajanga alimsihi aikane imani, jamaa wakamsihi, hakukubali. Mwishoni mzee huyo aliagiza apigwe rungu shingoni kwanza, ili moto umkute amekwisha kufa. Kizito, mdogo kuliko wote, alikuwa na miaka ipatayo 14. Vijana hao walikuwa wamekwisha kutiana moyo siku nyingi gerezani na njiani, na bila wenzake hatudhani kama mtoto wa miaka 14 angefika mwisho wa safari ile. Huo ni ushirika wa waumini katika hali yake ya wazi kabisa. Lakini mwalimu asimfanye kila mzazi asiye Mkristo kuwa Mukajanga. Pwani yetu imejaa nyumba ambamo shangazi ni Mwislamu na mpwa ni Mkristo, wanakula futari pamoja na kuzikana pamoja, na kijana anayerudi kutoka kambini akiwadharau watu hao amefundishwa vibaya.

Tuna pia urithi ambao tumeuacha ufifie. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya, ulikuwa na desturi iliyoitwa kutembea nuruni. Ndugu walikaa pamoja, kila mmoja akasema kosa lake kabla hajasemwa, mume mbele ya mke, mchungaji mbele ya washarika. Ilikuwa na madhara yake. Wapo waliogeuza toba kuwa mashindano. Hata hivyo watoto waliokulia katika nyumba hizo waliona kitu ambacho watoto wa leo hawakioni, yaani mtu mzima anaomba msamaha kwa sauti na bado anapendwa na wenzake. Leo kanisa likipata kashfa, neno la kwanza kutoka mbele ni kwamba tusimpe adui nafasi. Fedha za ujenzi zikipotea, tunaambiwa tuombe. Kiongozi wa vijana akimshika binti, familia inaitwa kikao cha ndani. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuhusu hilo la mwisho hatuna lugha laini. Mtu mzima akimgusa mtoto vibaya, awe mjomba au mwinjilisti, kikao cha wazee hakitoshi na hakina mamlaka. Yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi Tanzania, na namba 116 hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda. Kila ukumbi wa vijana wa kila kanisa ubandike namba hiyo ukutani. Kanisa linaloogopa kuibandika lijiulize linamlinda nani.

Uaminifu kati ya vijana wenyewe nao unapimwa mahali padogo kuliko Namugongo. Binti wa kwaya anapopata mimba, anatolewa kwaya na kutengwa. Mvulana aliyempa mimba, kama naye ni wa kwaya, anaendelea kuimba besi. Serikali ya Tanzania iliwaruhusu wasichana waliojifungua warudi darasani Novemba 2021. Inasikitisha kwamba mwalimu mkuu anaweza kumpokea binti huyo kabla ya mwalimu wa kwaya. Wenzake wafundishwe kwenda kumwona, kumpelekea daftari, kukaa naye ibadani benchi moja. Na mvulana aambiwe, mbele ya wazazi wake, kwamba mtoto ni wa watu wawili.

Guangzhou yenyewe ilipata mtihani wake Aprili 2020. Baada ya kesi kadhaa za Korona kuhusishwa na mgahawa wa Waafrika wilayani Yuexiu, Waafrika walitolewa vyumbani na hotelini, wengine wakiwa na pasi halali na kodi waliyokwisha kulipa, wakalala nje. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing walimwandikia waziri wa mambo ya nje, Wang Yi, kulalamika. Wakati huohuo walikuwapo watu, Waafrika na Wachina, waliozunguka usiku wakiwapelekea chakula waliolala barabarani, ingawa kusimama nao kulikuwa na hatari yake. Kijana Mkristo aulizwe angefanya nini usiku ule, na ni nani shuleni kwake leo anayekwepwa namna hiyo.

Linabaki jambo la wazazi walio safarini, na hapa tunawasema wasomaji wetu wenyewe. Mtoto wa Kariakoo anayelelewa na bibi huku wazazi wakiwa China hawezi kufundishwa uaminifu kwa maboksi ya viatu na simu mpya. Anahesabu ahadi. Baba aliyesema atakuwapo siku ya kipaimara na hakuja, na hakueleza, amekwisha kutoa somo refu kuliko la mchungaji. Tunajua kontena haingoji na wakala wa bandarini haangalii kalenda ya kanisa. Basi ahidini kidogo na mtimize. Saa nne usiku ya Guangzhou ni saa kumi na moja jioni ya Dar es Salaam, mtoto ametoka shule na duka lenu limefungwa. WhatsApp imezuiwa kule, lakini WeChat inafanya kazi, na mjukuu anaweza kumfundisha bibi kuitumia kwa jioni moja. Mpigieni hata kama hamna jipya la kumwambia. Akiwauliza kwa nini safari imerefuka, mwambieni ukweli, hata ukiwa ni kwamba biashara imeyumba.

Makanisa nayo yafanye kazi yao kabla ya Maonesho ya Canton ya Oktoba. Wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya wajue ni watoto wangapi wa washarika wao wanaoachwa na wanabaki na nani. Kila kijana wa namna hiyo apewe jina la mtu mzima mmoja nje ya nyumba, aliyekubaliwa na wazazi pamoja na kijana mwenyewe, anayefahamika na kanisa zima, ambaye anaweza kumpigia hata saa nane ya usiku. Namba iandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu huibwa. Na mtu huyo apokee.